Mitumba ya angani

Wadau, mtumba una maisha yake, hilo hatufundishani. Koti lililomchosha mtu kule Ujerumani linafungwa kwenye belo, linashushwa bandarini, na Jumamosi linaning'inia Mlango Mmoja pale Mwanza likisubiri mwenye jicho. Fundi anapunguza mikono, anabadili vifungo, koti linaanza maisha ya pili. Leo naomba tuweke siasa pembeni kidogo, tuzungumzie mtumba mwingine ambao hauuzwi kwa belo. Nazungumzia ndege za mizigo za jeshi ambazo wenyewe wamezichoka, wakazistaafisha, kisha zikaingia mikononi mwa raia.

Nianze na ule wa grade one, tena adimu kwelikweli. Unaitwa Short Belfast.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 jeshi la anga la Uingereza lilitaka ndege ya kubeba vitu visivyokunjika: mizinga, kifaru, helikopta nzima nzima. Kiwanda cha Short Brothers kilichokuwa mjini Belfast, Ireland ya Kaskazini, kikalitengeneza dude hilo. Liliruka mara ya kwanza tarehe 5 Januari 1964. Injini nne za propela, magurudumu 18, na tumbo pana kama ghala la pamba. Kiwanda kilitarajia kuuza nyingi. Serikali ikabana matumizi, zikatengenezwa kumi tu. Kumi, basi, duniani kote! Wakazipa majina ya majitu: Samson, Goliath, Atlas, Heracles, Hector, Ajax na wenzao. Wale wa shule ya Jumapili watakumbuka mwisho wa Samsoni na Goliathi ulikuwaje, nashangaa aliyechagua majina hakulifikiria hilo.

Zilianza kazi jeshini mwaka 1966. Mwaka 1976 serikali ikapunguza tena bajeti ya ulinzi na Belfast zote zikaondolewa. Miaka kumi tu. Kuna daladala hapa mjini zimeanza kazi kabla sijazaliwa na bado zinapiga honi kila alfajiri.

Mwaka 1977 ikajitokeza kampuni ya kiraia, ambayo wengi waliijua kwa jina la HeavyLift, ikanunua tano. Hapa ndipo pananivutia. Ungedhani mtu akishanunua ndege inayoruka anapanda, anawasha, anaondoka. Haikuwa hivyo. Ilipita miaka mitatu hivi, hadi 1980, ndipo ya kwanza ikaanza kubeba mzigo wa biashara. Muda wote huo zilikuwa zinafanyiwa marekebisho na kampuni ya Marshall kule Cambridge ili mamlaka ya anga ya Uingereza iridhike nazo. Kati ya tano, zilizofanya kazi ni tatu tu.

Kwa nini taabu yote hiyo kwa ndege ambayo jana ilikuwa inabeba askari wa Malkia? Jibu liko kwenye Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ule unaoongoza usafiri wa anga duniani. Kifungu cha 3 kinasema wazi kwamba mkataba unahusu ndege za kiraia tu, za jeshi, forodha na polisi hazimo. Maana yake ndege ya jeshi inazaliwa, inakua na inazeeka nje ya utaratibu unaolinda ndege unayopanda wewe kwenda Dodoma. Jeshi linaweza kukubali hatari ambayo abiria hawezi kuikubali, ndiyo kazi yake. Siku ndege hiyo inapovua magwanda, inabidi mtu fulani mwenye mamlaka aipekue upya, msumari kwa msumari, aseme: sawa, hii sasa inaruhusiwa kupita juu ya nyumba za watu.

Kila ninachotaka kusema leo kiko kwenye hilo neno, mtu fulani. Ni nani?

Kwa Belfast jibu lilikuwepo, na kazi ikalipa. HeavyLift ilibeba mitambo ya mafuta, vipande vya ndege nyingine, helikopta, chochote ambacho hakikupita kwenye mlango wa ndege ya kawaida. Kisha mwaka 1982 Uingereza ikaingia vitani na Argentina kugombea visiwa vya Falklands, zaidi ya kilomita 12,000 kutoka London. Jeshi likahitaji ndege yenye tumbo pana. Likatafuta, likakuta iliyopo ni ileile liliyoiuza. Ikabidi jeshi lizikodi Belfast zilizokuwa zake kupeleka helikopta na vifaa kisiwa cha Ascension! Wapo wanaodai kwamba gharama za kuzikodi zilizidi kile ambacho kingetumika kuendelea kuzimiliki. Sijui hesabu waliipigaje, lakini mtu yeyote aliyewahi kuuza pikipiki yake kisha akaanza kupanda bodaboda kila siku anaelewa mantiki.

HeavyLift ya Uingereza ikafunga mwaka 2002. Belfast moja ikakarabatiwa, na mwaka 2003 ikaruka hadi Australia kwa kampuni nyingine iliyochukua jina lilelile. Nikawa naangalia picha zake za huko, kwenye mkia. Namba ya usajili inaanza na 9L.

9L ni Sierra Leone.

Baadaye ikabadilishwa ikawa ya Ufilipino, na mwisho ikaegeshwa uwanja wa Cairns nchini Australia. Tafakari safari hiyo. Ndege iliyochunguzwa miaka mitatu ikiwa bado kijana, uzeeni inafanya kazi Australia huku kwenye karatasi ikiwa raia wa Freetown. Mabaharia wana jina la mchezo huu, wanaita bendera ya kukodi. Kisheria ndege ina uraia mmoja tu, wa nchi iliyoisajili, na ni nchi hiyo ndiyo inayotoa cheti kwamba ndege inafaa kuruka. Kwa hiyo "mtu fulani" wetu anakuwa ofisi fulani katika nchi ambayo ndege hailali, haifanyiwi matengenezo, na pengine haijawahi kutua hata mara moja.

Sasa twende nyumbani, maana Belfast nimeitumia kama kipimo tu.

Mimi nimekulia Mwanza, Pasiansi, barabara ya kwenda uwanja wa ndege. Utotoni hatukuhitaji saa. Kulikuwa na ngurumo ya Ilyushin Il-76, ambayo ilikuwa haipiti juu ya nyumba, ilikuwa inapita ndani yake. Vikombe vinalia kabatini, mbwa wanabweka, mama ananyamaza katikati ya sentensi, inapita, anaendelea pale alipoishia. Tulikuwa tunahesabu magurudumu yake kutoka kwenye uzio, ni 20, na kubishana kuhusu kile kioo cha chini ya pua. (Anakaa mwelekezi wa njia, anaangalia ardhi. Sisi tulikuwa tunaamini anakaa mpiga bunduki.)

Il-76 si adimu kama Belfast, zimetengenezwa zaidi ya 900, nyingi zikitoka kiwanda cha Tashkent, Uzbekistan. Lakini ilibuniwa kwa ajili ya jeshi la Soviet, iruke mara ya kwanza mwaka 1971 na iweze kutua kwenye viwanja vibovu ambavyo ndege nyingine zingevunjikia. Ilipofika Desemba 1991 Soviet ikavunjika. Ghafla kukawa na ndege nyingi kuliko majeshi, na marubani wazoefu wasio na mshahara wa maana. Ndege zikatawanyika kwa bei ambayo HeavyLift wa mwaka 1977 wangelia wakiisikia. Nyingi zikaja Afrika, na usajili wake ukawa kama somo la jiografia: Liberia, Swaziland ya wakati ule, Guinea ya Ikweta, Jamhuri ya Afrika ya Kati, São Tomé na Príncipe, Moldova.

Pale Mwanza zilifuata minofu ya sangara. Baba mdogo, anayemfuata mzee wangu kuzaliwa, alikuwa kuli wa kupakia. Nilimuuliza mwaka jana, kule ndani kulikuwaje? Akafikiri kidogo, akasema: "Ndani kulikuwa hakuna mtu aliyetegemewa kukaa." Mabomba na nyaya viko nje nje, maandishi ya Kirusi kila mahali, juu kuna vinyanyuzi vinavyotembea kwenye reli, chuma tupu. Wazungu wa ndani, anasema, walikuwa watu wazuri. Walikuwa wanapika wenyewe, walimpa sigara, mmoja alimwonyesha picha ya binti yake. Viatu vyao vilikuwa vimechakaa kuliko vya makuli. Hilo la viatu alilirudia mara mbili.

Tarehe 23 Machi 2005 Il-76 yenye usajili wa Moldova, namba ER-IBR, iliondoka Mwanza na shehena ya minofu kwenda Ulaya kupitia Khartoum. Muda mfupi baada ya kuruka ikaanguka Ziwa Victoria. Watu wote wanane waliokuwemo wakafa. Mimi nilikuwa darasa la kwanza. Ninachokumbuka zaidi ni watu wazima kuongea kwa sauti ya chini, na baba mdogo, ambaye siku hiyo hakuwa zamu, kukaa nyumbani siku tatu bila kwenda uwanjani. Alikuwa anaogopa kwamba watakuja kuwatafuta makuli. "Ndege ikianguka," aliniambia, "wanaanza kuuliza nani alipakia." Hakuna aliyekuja. Siku ya nne akarudi kazini, akakuta ndege nyingine inasubiri.

Mwaka mmoja kabla ya hapo ilikuwa imetoka ile filamu ya Hubert Sauper, Darwin's Nightmare, iliyoonyesha mapanki, machangudoa wa Mwanza na marubani wa Il-76, na kuuliza kama ndege hizo zilikuwa zinakuja na silaha. Mwaka 2006 Rais Kikwete akaikemea hadharani, watu wakaandamana, wahariri wakagawanyika. Nimesoma mijadala ile kwenye makabati ya magazeti ya zamani pale kazini. Kurasa na kurasa kuhusu kilichokuwa kinakuja ndani ya ndege. Nasema hivi nikiwa mwanahabari na kwa heshima zote kwa kaka na dada zangu walionitangulia: ndege yenyewe karibu hakuna aliyeiuliza umri. Ilikuwa imetengenezwa lini, ilifanyiwa matengenezo wapi, na ofisi gani Chisinau iliwahi kumtuma mtu aje aitazame ikiwa imeegeshwa Ilemela? Maswali ya kuchosha, najua. Hayauzi gazeti. Lakini wanane walikufa, na kama ile ndege ingechepuka kidogo upande wa nchi kavu, chini yake kulikuwa na sisi.

Kinshasa ilichepuka. Tarehe 8 Januari 1996, Antonov An-32, aina ambayo ilitengenezwa kwanza kwa mahitaji ya jeshi la anga la India, ilishindwa kupaa kutoka uwanja wa N'Dolo, uwanja ambao uko katikati ya jiji. Ilikuwa imezidishwa uzito. Mwisho wa njia ya kurukia palikuwa na soko la Simbazikita. Zaidi ya watu 200 waliuawa, karibu wote wakiwa sokoni, kina mama wa mboga na wateja wao. Hawakuwa na tiketi. Mwezi Mei 2003 Il-76 ya kampuni ya Ukraine ilikuwa inatoka Kinshasa kwenda Lubumbashi ikiwa imejaza askari na familia zao kwenye sehemu ya mizigo. Mlango wa nyuma ukafunguka angani. Waliovutwa nje hadi leo idadi yao inabishaniwa. Ndege yenyewe iligeuza ikatua salama. Halafu tarehe 9 Machi 2009, ziwa letu tena, safari hii upande wa Entebbe: Il-76 yenye usajili wa São Tomé ikiwa na vifaa vya kikosi cha kulinda amani Somalia ilishika moto baada ya kuruka, ikaanguka majini. Watu 11 wakafa, wakiwemo maofisa wa jeshi la Burundi.

Ulaya ililiona hili mapema. Tarehe 22 Machi 2006 Umoja wa Ulaya ulitoa orodha yake ya kwanza ya mashirika yaliyopigwa marufuku kwenye anga yake. Karibu mashirika yote yaliyosajiliwa Kongo ya Kinshasa, Guinea ya Ikweta, Liberia, Sierra Leone na Swaziland yalikuwemo. Siilaumu orodha hiyo, imefanya kazi yake. Ila ni orodha ya anga ya Brussels. Ndege iliyokataliwa kule haikupotea duniani. Iliendelea kutafuta riziki mahali ambapo hakuna aliyeikataa, na mahali hapo mnapajua.

Sasa kabla hamjaanza kuniandikia kwamba zipigwe marufuku zote, subirini. Miaka ya 1990 uwanja wa Lokichoggio, kaskazini mwa Kenya, ulikuwa moja ya viwanja vyenye pilikapilika nyingi Afrika. Chakula cha kwenda Sudan ya Kusini kilikuwa kinapakiwa pale chini ya mpango wa Umoja wa Mataifa, kwenye Hercules, kwenye Buffalo za Canada, ndege za ukoo uleule wa kijeshi, zikiruka kiraia. Magunia yalidondoshwa kutoka angani kwa sababu hakukuwa na barabara. Baadaye, vita ya Sudan Kusini ilipoanza Desemba 2013, ni Il-76 zilizokuja kudondosha chakula vilevile. Ndege mpya ya abiria, safi, yenye viti vya ngozi, haiwezi kazi hiyo. Mlango wa nyuma unaofunguka angani, uleule wa Kinshasa, ndio ulioshusha mahindi. Kwa hiyo mimi si adui wa mtumba. Nimevaa mtumba maisha yangu yote. Ninachodai ni fundi wa Cambridge, au aliye sawa naye, asimame kati ya jeshi na soko. Akasimame Mwanza, Goma, Juba, Entebbe, awe na uwezo wa kusema hii hairuki leo, na minofu ioze kama ni kuoza.

Nimalizie na Ghuba, maana huko ndiko ndege nyingi za aina hii zilikuwa zinapumzika. Sharjah ilikuwa kituo cha Viktor Bout, yule Mrusi mfanyabiashara wa silaha ambaye maisha yake yalichangia ile filamu ya Nicolas Cage ya mwaka 2005. Alikamatwa Bangkok mwaka 2008, Marekani ikamhukumu miaka 25 mwaka 2012, na Desemba 2022 akabadilishwa na mcheza kikapu Brittney Griner, akarudi Moscow. Ripoti za Umoja wa Mataifa zilimtaja mara kwa mara kwenye vita vya Afrika, Kongo ikiwemo. Mtandao wa kampuni zake ulikuwa na ndege kwa makumi, na karatasi zake zikihama bendera kama mtu anayebadili laini ya simu.

Moja ya Il-76 zilizohusishwa na kampuni zake ilikuwa ya mwaka 1975, miongoni mwa za mwanzo kabisa, na ilianzia jeshi la anga la Soviet. Ilipita kwenye usajili wa Swaziland na wa Jamhuri ya Afrika ya Kati. Karibu na mwaka 2000 ilitua kwenye kiwanja kidogo cha Umm al-Quwain, kaskazini ya Sharjah, na haikuruka tena. Hoteli ya jirani ikaipaka matangazo yake ubavuni. Ikakaa pale zaidi ya miaka 20, pembeni ya barabara kuu, mchanga ukipanda magurudumuni.

Binamu yangu anaendesha lori la maji Ajman na alikuwa anaipita kila wiki. Mara ya kwanza alipoiona alinitumia picha kwenye simu na ujumbe mmoja: hii si ile ya kwetu? Nikamjibu hapana, ile ya kwetu iko ziwani. Mwaka 2022 akanitumia nyingine. Walikuwa wameshaikata mkia, na watu wenye moto wa gesi walikuwa juu ya bawa la kushoto, wanashuka taratibu kuelekea kwenye injini.